Seli Ndani ya Beseni

Mei 15, Jumatatu

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Tu, anatafuta mkuu wa nidhamu wa mwaka ujao. Hapa mjini kwetu Chiayi hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayeitaka kazi hiyo. Unasimama getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unapuliza filimbi, mchana wazazi wanakutukana kwenye simu. Wengine wote wameshakwepa. Tumebaki mimi na Mwalimu Ke, mama anayefundisha biolojia kama mimi. Ijumaa kila mmoja atafundisha wanafunzi wake somo la seli mbele ya walimu wote. Atakayeshinda atasalimika.

Miaka kumi na tisa nafundisha seli. Naijua kuliko jiko la nyumbani kwangu.

Ke akanifuata: “Mwalimu Liao, tufundishe pamoja basi. Mkuu atakosa wa kumtoa kafara.” Nikamwambia seli ina kiini kimoja. Mjanja huyu, anataka maarifa yangu.

Mei 16, Jumanne

Mpango: seli ya kuliwa, beseni zima! Sitoplazimu, ute unaojaza seli, itakuwa jeli ya aiyu, tini la milimani ambalo mbegu zake hukamuliwa majini. Tunda la lichi lililomenywa ni kiini. Maharage mekundu ni mitokondria, za kutoa nguvu. Ufuta ni ribosomu, za kutengeneza protini. Tambi pana zilizokunjwakunjwa ni njia za kupitishia mizigo. Mfuko wa plastiki ni utando, wa kuchagua nini kiingie na nini kitoke. Somo likiisha, vijiko. Ke ana nini cha kushindana na hapo?

Nimekamua mbegu za aiyu ndani ya kitambaa saa nzima. Maji nimetumia yale yaliyokenekwa ya maabara, safi kuliko yote mjini. Haikuganda. Mke wangu Shu-chen, mtoto wa milimani kunakoota aiyu, kacheka mpaka kaketi chini. Eti aiyu haigandi bila madini yaliyomo majini, nitumie ya bomba. Nilikuwa karibu kuligundua mwenyewe.

Mei 17, Jumatano

Maji ya bomba. Imeganda! Siku mbili kabla ya wakati. Huko ndiko kujipanga.

Shu-chen anasema nimewahi mno. Aiyu ikikaa hutoa maji na kunywea, afadhali tuitengeneze upya Ijumaa alfajiri, atanisaidia kukamua. Nikamweleza kwamba kiini ndicho kinachotoa amri. Akauliza kiini hicho kitakula nini mitokondria zikigoma kupika.

Nimekula tambi za pakiti.

Mei 18, Alhamisi

Nimechungulia dirishani mazoezi ya Ke. Hana kifaa hata kimoja, masanduku ya chakula cha mchana tu. Wanafunzi ndio seli: kundi la kiini linanakili maelekezo kwenye karatasi. Tarishi anapeleka karatasi kwa ribosomu, nazo zinajaza masanduku. Wengine wanafunga kamba na kuandika jina la mlaji. Walio mlangoni wanaruhusu yatoke. Halafu Ke akamtoa tarishi peke yake. Kazi yote ikasimama. Kiini kimejaa maelekezo mpaka juu, hakuna sanduku linalotoka.

Nikacheka kimoyomoyo. Kiini gani hicho cha kumtegemea tarishi?

Mei 19, Ijumaa

Nilifunua beseni kwa madaha. Maji. Katikati jeli imenywea, imebaki kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Maharage yote yako chini. Lichi imegeuka kahawia.

Msichana wa mbele akauliza kwa upole, “Mwalimu, imekufa?”

Sikutetereka. Nikasema huu ni mfano wa seli iliyopoteza maji. Mkuu Tu akauliza ni sehemu gani iliyoshindwa kazi. Nikasema zote, isipokuwa kiini. Akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Somo la Ke lilipigiwa makofi. Walimu walikula masanduku yale. Mimi pia, kwa ajili ya uchunguzi.

Mei 22, Jumatatu

Ni mimi. Mkuu wa nidhamu. Nimeumia, sitaficha.

Saa nne Ke akaja na chai. Anasema geti la siku tano litaniua. Yeye atachukua Jumatatu hadi Jumatano na simu zote za wazazi, mimi nibaki na siku mbili, na Mkuu ameshakubali. Nitie sahihi tu.

Nikamrudishia karatasi yake. Seli yenye viini viwili ameiona wapi? Akasema seli nyingi za ini zina viwili, na zinafanya kazi vizuri tu. Nikamwambia ini si mfano mzuri, linakaa na nyongo.

Akachukua kalamu yake, akanitakia afya njema.

Shu-chen ameuliza kama kuna mtu yeyote aliyejitolea kunisaidia. Nimemwambia kulikuwa na jaribio, nimelizima mapema. Nimemwandikia Mkuu kwamba geti nitalishika peke yangu, siku zote tano, na simu zote zipitie kwangu. Amejibu baada ya dakika moja. Hajawahi kunijibu haraka hivyo. Naona sasa ananithamini.