Kamati Maalumu ya Breki

Kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Breki, ninayo furaha na heshima kubwa kuutangazia umma wa Muleba, Bukoba na maeneo yote yenye miteremko kwamba zoezi la kuchagua breki za baiskeli moja limekamilika kwa mafanikio ya asilimia tisini na nne. Asilimia sita zilizobaki ni Mwenyekiti, ambaye bado anakaa kwa upande mmoja.

Mimi ni Josia, Katibu wa Kamati. Tume ya uchunguzi imeniomba nieleze kilichotokea, nami naeleza kama kilivyo kwenye mihtasari ya vikao, kwa sababu niliiandika mwenyewe na kwa mwandiko mzuri.

Jambo lilianza vizuri. Mfadhili mmoja alikubali kukipa chama chetu cha baiskeli baiskeli moja mpya ya mbio, ili mtu wa kwetu ashiriki mashindano ya kutoka Muleba hadi Bukoba. Mtu mwenyewe alikuwa ameshapatikana: Kokuhirwa wa Kimwani, binti wa miaka ishirini na mbili, ambaye tangu amalize shule anabeba mikungu ya ndizi kwenda gulioni kwa baiskeli ya baba yake, lile dude la chuma la kubebea mizigo. Kocha wa mkoa, Bi Rahima, alikuwa ametamka wazi kwamba siku ya mashindano atachagua mtu mmoja tu wa kwenda kambi ya taifa. Miguu Kokuhirwa alikuwa nayo. Alichokosa ni baiskeli, na muda ulikuwa wiki sita. Mtu asiyejua uongozi angempa baiskeli siku hiyohiyo.

Burhani, fundi na muuza baiskeli wa mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba, alituletea mbili tuchague moja. Zilifanana kwa kila kitu, hata rangi, isipokuwa breki.

"Hii raba zake zinabana ringi," alisema. "Zikiisha, unapata nyingine hata gulioni Kimwani. Hii nyingine ina diski hapa katikati ya gurudumu. Inashika vizuri hata mvua ikinyesha, ila ikiharibika lazima aje kwangu. Zote nzuri, wazee wangu. Mwulizeni atakayeendesha."

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Datius, alitabasamu kwa huruma. Alimwuliza Burhani kama yeye akinunua ng'ombe huwa anamwuliza ng'ombe. Burhani alijibu kwamba yeye anauza baiskeli, na mteja huwa anamwuliza kila siku. Tulimshukuru kwa mchango wake, tukaunda Kamati.

Kamati ilikaa vikao saba. Kila kikao kilifunguliwa kwa kupitisha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, maana hakuna mgeni wala ajenda inayopokelewa kwetu kwa mdomo mtupu. Kikao cha kwanza kilitoa tafsiri ya breki: "chombo cha kuratibu kutokwenda." Kikao cha pili kilisimama kwa saa nzima baada ya mjumbe mmoja kuhoji kama kununua chombo cha kurudisha watu nyuma hakupingani na maendeleo. Alielimishwa kwamba breki hairudishi nyuma, inazuia tu kwenda mbele, naye akaridhika. Kikao cha tatu kilikuwa ziara ya mafunzo kwenda Kashozi, kujionea miteremko. Tulienda kwa gari. Dereva alikuwa akikanyaga breki kila mara bila mwongozo wowote wa Kamati, nami nilimwandika.

Kila Alhamisi Kokuhirwa alikuwa anafika mlangoni, jasho likimtiririka, ameegemeza lile dude la baba yake ukutani. Lile dude halikuwa na breki kabisa. Zilikatika zamani, na watu wa mizigo hawahangaiki nazo: wanavaa katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, na kwenye mteremko wanakanyaga gurudumu la nyuma kwa soli mpaka linatulia. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika kama sabuni ya wiki ya mwisho.

"Shikamooni, waheshimiwa," alisema siku ya kikao cha nne. "Nimekuja kuulizia baiskeli."

"Marahaba. Suala lako liko kwenye mchakato," alisema Mwenyekiti.

"Waitu, tafadhali, nipeni yoyote. Nataka kuizoea tu. Mbio ziko karibu."

"Yoyote si aina ya breki. Katibu, lipo hilo neno kwenye nyaraka?"

Nilitafuta. Halikuwepo.

"Basi nipeni ya ringi," alisema Kokuhirwa. "Raba nitabadilisha mwenyewe, sitasumbua mtu."

"Unaona?" Mwenyekiti alitugeukia. "Ndiyo maana raia hawashirikishwi. Wanaamua haraka."

Alichukua dude lake, akaondoka. Nakiri kwamba niliona aibu hadi jioni. Sikuiandika kwa sababu haikuwa kwenye ajenda.

Kikao cha tano kilifanya uamuzi. Mheshimiwa Datius alizizunguka baiskeli zote mbili, mikono nyuma, akasimama mbele ya ile ya diski. "Hii inang'aa," alisema. "Kwenye picha itaonekana. Katibu, andika kwamba ni wazo langu." Niliandika. Hii ndiyo tabia yake nzuri kuliko zote: kila wazo likimtoka, anataka jina lake liwekwe pembeni, na mimi nalipigia mstari.

Tulidhani Kokuhirwa sasa angepewa baiskeli yake na wiki mbili za mazoezi. Lakini kikao cha sita kilitunga Kanuni. Kifungu cha Kwanza: kifaa hakiguswi wala hakiendeshwi na mtu yeyote kabla ya kuzinduliwa. Hilo kila mtu analielewa. Hapa kwetu hata bomba la maji haliruhusiwi kutoa maji mpaka mgeni rasmi alifungue. Kifungu cha Pili: uzinduzi utafanyika asubuhi ya mashindano, kwa sababu ndipo watu watakuwepo. Kifungu cha Tatu: breki zitajaribiwa hadharani na kiongozi wa ngazi ya juu zaidi katika chama, na hakuna mwingine atakayezitumia mpaka aridhike. "Wazo langu," alisema Mwenyekiti. Mstari chini.

Kikao cha saba kilihusu mng'ao. Baiskeli ilikuwa imekaa ofisini ndani ya nailoni wiki nzima, na vumbi halina nidhamu. Mwenyekiti akaelekeza zile diski, ya mbele na ya nyuma, zipakwe mafuta ya mgando ziwake. Niliandika ni wazo la nani. Kisha nikapaka mimi mwenyewe, kwa kitambaa laini, nikasugua mpaka nikajiona usoni. Nilipendeza.

Jumamosi ikafika. Pale Muleba watu walijaa pande zote za barabara, na waendeshaji wengine walikuwa tayari kwenye mstari, kila mmoja na baiskeli yake. Kokuhirwa alikuwa ametoka Kimwani alfajiri kwa lile dude la baba yake. Aliliegemeza kwenye nguzo, akaja kusimama karibu na baiskeli yake mpya kama mtu anayetazama mtoto wake mikononi mwa mgeni. Ghafla akainama.

"Nani kapaka mafuta hapa?"

"Kamati," nilisema.

"Diski haipakwi mafuta! Haitashika. Waitu, nipeni kitambaa na sabuni nijaribu kuifuta, hata dakika tano."

"Kifungu cha Kwanza," alisema Mwenyekiti kwa upole.

"Mheshimiwa, utaanguka."

"Binti, mimi nimeendesha chama hiki miaka kumi na moja, sijawahi kuanguka."

Ni kweli. Iko kwenye kumbukumbu.

Alipanda akiwa na suti na tai, suruali imechomekwa kwenye soksi. Mpango ulikuwa aende hatua ishirini, akate utepe kwa kifua, abane breki, asimame, ahutubie. Utepe aliukata vizuri sana. Baada ya utepe unaanza mteremko, jambo ambalo ziara yetu ya mafunzo haikuligusa, kwa kuwa tulienda Kashozi. Alibana breki. Diski ziliwaka kwa mng'ao mkubwa na baiskeli ikaongeza mwendo.

Alipita meza ya wageni. Alipita kwaya, nayo ikaendelea kuimba kwa kudhani ni sehemu ya ratiba. Alitoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, "Mama wee!", na wananchi wakapiga makofi. Mimi nilibaki na maikrofoni mkononi nikisema, "Na sasa Mwenyekiti anatuonyesha kasi."

Kokuhirwa hakusubiri ratiba. Alirukia dude la baba yake, akainama mpaka kidevu kikagusa usukani, akashuka nyuma ya Mwenyekiti. Nimeona watu wakifukuza kuku, nimeona polisi wakifukuza bodaboda; sijawahi kuona chuma cha kubebea ndizi kikipata baiskeli ya mbio. Alimfikia kabla ya kona inayoelekea mtoni. Akamshika ukosi wa koti kwa mkono mmoja, akakandamiza soli ya katambuga kwenye gurudumu la nyuma la dude lake. Moshi ulitoka. Harufu ya raba ilitufikia juu kule. Mwendo ukapungua, ukapungua tena, kisha Kokuhirwa akamwachia taratibu, na Mheshimiwa Datius akatua kwa makalio juu ya mkeka wa kahawa iliyoanikwa kando ya barabara na Bi Restituta.

"Umeumia, Mheshimiwa?" aliuliza Kokuhirwa.

"Nimezindua," alisema Mwenyekiti.

Bi Restituta alitazama kahawa yake ilivyotapakaa majanini. "Naianika tangu juzi," alisema. "Okota." Mwenyekiti alitaka kujua kama anafahamu anaongea na nani. Bi Restituta alisema anafahamu: anaongea na mtu aliyekalia kahawa yake. Mwenyekiti akaanza kuokota.

Wakati huohuo saa tatu kamili ilikuwa imetimia, bendera ikashushwa, na waendeshaji wote wakapita pale kona kama upepo. Kokuhirwa aliitazama ile baiskeli mpya, diski zake zikimeremeta bure. Akafuta machozi kwa kiwiko, akapanda lile dude, akawafuata.

Alifika Bukoba wa tisa kati ya thelathini na wawili. Bi Rahima, aliyetangulia kwa gari na ambaye saa yake ya kupimia muda alikuwa ameibonyeza tangu Mwenyekiti alipopiga kelele, alimsubiri ashuke.

"Ule mteremko umeushuka kwa breki gani?"

Kokuhirwa aliinua mguu wa kulia. Kiatu kilikuwa kimebaki kamba na kisigino.

"Wewe unakuja kambini," alisema Bi Rahima. "Huko baiskeli zipo. Unataka za ringi au za diski?"

"Yoyote, Kocha. Isiwe imepakwa mafuta."

Uteuzi huo ulichukua muda mfupi kuliko kupitisha akamwani. Kamati haikuhusishwa.

Sasa nimalizie upande wa tume. Mwenyekiti alikuja ofisini kwangu Jumatatu, akabaki amesimama, akaniomba niondoe jina lake kwenye muhtasari wa kikao cha tano, cha sita na cha saba. Nilimweleza kwa heshima kwamba muhtasari haubadilishwi ila na kikao, na kikao hakihesabiki mpaka Mwenyekiti akikalie kiti. Alikitazama kiti kwa muda mrefu. Akaondoka.

Tume imesoma mihtasari yote. Imeagiza Burhani aweke pedi mpya za kubana diski na kuzisafisha diski zenyewe, naye amefanya hivyo, anasema zinashika vizuri sana. Lakini imeona pia kwamba chini ya Kifungu cha Tatu breki bado hazijajaribiwa kwa ukamilifu, kwa kuwa aliyezijaribu hakuridhika. Jaribio litarudiwa Jumamosi hii, mteremko uleule, na kiongozi wa ngazi ya juu zaidi katika chama. Wananchi wote wanakaribishwa. Bi Restituta ameombwa aanike kwingine, amekataa.

Mheshimiwa Datius amekuwa mgonjwa tangu Jumanne, lakini daktari haoni ugonjwa. Jana kifurushi kilifika kutoka kambini, kimeandikwa jina lake. Ndani mlikuwa na katambuga mpya, jozi moja, na karatasi ya Kokuhirwa: "Shikamoo, Mheshimiwa. Ukanyage mapema."

Nilimpelekea mwenyewe kitandani. Amevijaribu vyote viwili. Vinamtosha.