Mtihani wa Kusikiliza

"Nimefeli nini? Kusikiliza?" Bi Muhiba alinifokea mlangoni pa ukumbi, sinia la mahamri kichwani, mkono kiunoni. "Masikio haya nimezaliwa nayo, Mama Lela!"

"Masikio hayana kosa," nikamjibu. "Mdomo ndio umefeli. Umesema 'naam' mara tisa."

"Kwani kitu kitamu nikisikilize kama maiti?"

"Ndiyo. Hicho ndicho kiwango."

Nikamwandikia FELI kwa wino mwekundu. Nina stashahada ya uhazili. Sibishani na daftari.

Tangazo lilikuwa limebandikwa wiki mbili. Kamati ya Ustaarabu wa Kusikiliza, Shauri Moyo, chini ya mwenyekiti wake Bwana Njogu, ilikuwa na furaha kubwa kuujulisha umma kwamba Mzee Sirifo, bingwa wa kora kutoka Gambia, angepiga katika ukumbi wa mtaa Jumapili saa tisa alasiri, mara moja tu, kisha apande ndege. Kora ni ndugu wa udi wa taarabu: nusu kibuyu, ngozi ya ng'ombe, nyuzi ishirini na moja. Mzee alikuwa amekwisha kupiga mjini, mbele ya watu waliotulia tuli. Bwana Njogu alikuwapo. Aliusikia ukimya ule akaupenda kuliko muziki.

"Watu wa Eastlands hawajaiva kwa tamasha," alituambia kikaoni. "Lazima wapimwe."

Basi tukawapima. Kila mkazi alikaa kitini dakika kumi, santuri ikipigwa, bila kutikisika. Walikuja mia tatu. Muasya, seremala wa Gikomba, aliangushwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto. Lela wangu alitabasamu. Nikamwandikia FELI, na jioni nikampa chakula kama kawaida. Tulifaulu saba tu, yaani wanakamati, ambao hatukuufanya mtihani kwa kuwa ndio tulioutunga.

Jumapili saa tisa tukaketi saba katikati ya viti mia tatu. Mtaa mzima ulikuwa nje, umebanana kwenye madirisha ambayo yana nondo lakini hayana vioo. Ombi la vioo lingali linashughulikiwa. Nikasoma kanuni. Ya nne: asiyefaulu haruhusiwi kukaa ukumbini. Ya saba: hakuna kutoka kabla ya wimbo wa mwisho, na katibu afunge mlango kwa ufunguo. Nikafunga.

Mzee Sirifo akapiga, akaimba mstari mmoja, akangoja. Akauimba tena. Akangoja.

"Ukimya safi kabisa," Bwana Njogu alininong'oneza. "Andika."

Mzee akasema jambo kwa Kiarabu. Maalim Kombo, aliyeingia kwa kibali maalum cha mkalimani, akakohoa kidogo.

"Anauliza kama kuna msiba."

"Mwambie ni heshima."

"Anasema kwao mwimbaji akitoa neno, msikilizaji hulipokea. Huitikia 'naamu'. Asipoitikia, amelikataa. Mjini walilikataa akavumilia; leo likikataliwa, anafunga kora aende zake uwanja wa ndege."

Bwana Njogu alifikiri. "Mwambie tutaunda kamati ndogo ya kuitikia. Itakutana Alhamisi."

"Ndege ni leo, Mwenyekiti."

"Basi Jumatano."

Mzee alianza kuifunga kora kwenye kitambaa. Vidole vikagusa nyuzi mbili tatu, za kuaga tu.

"Naam!" ikatoka dirishani.

Mzee akageuka. Akaifungua kora, akaimba mstari.

"Naam!" Bi Muhiba akajibu. Muasya akaupiga ukuta kwa kiganja. Mzee akacheka, akageuza kiti, akatupa mgongo sisi saba.

"Katibu!" Bwana Njogu alinguruma. "Tekeleza kanuni!"

Nilimtazama Lela, uso umebanwa kati ya nondo mbili. Nikafungua daftari.

"Kanuni ya nne, Mwenyekiti. Huyu Mzee hajafanya mtihani. Tena ametikisa kichwa, amecheka, amesema." Nikaandika FELI. "Hana sifa ya kukaa ukumbini."

"Unasema nini wewe mama?"

Nilikuwa nimekwisha kusimama na kuufungua mlango. Maalim alibeba kora, Mzee akafuata, mimi nikabeba kiti. Nyuma nikasikia viatu vya Bwana Njogu vikikimbia.

"Kanuni ya saba, Mwenyekiti. Wimbo wa mwisho bado."

Nikafunga kwa ufunguo. Kanuni haikusema katibu afunge akiwa upande gani.

Mzee aliketi uwanjani kando ya sinia la mahamri. Akatoa neno, na mtaa mzima ukalipokea. Bwana Njogu alishika nondo za dirisha, akitikisa na kupiga kelele, "Fungueni! Nasema fungueni!"

"Mama Lela," Bi Muhiba akaniuliza bila kugeuka, "hivi yule naye alifaulu?"

Nikatoa kalamu nyekundu. Nikamwandikia FELI, nikaliweka daftari chini, nikalikalia, na neno lililofuata la Mzee nikaliitikia.