Namba ya Bima ya Werema

Jumatatu, 2 Julai 1973

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa daftari. Werema amemgonga mwanangu! Clementi wangu! Dereva wa kwanza katika ukoo mzima, dereva wa pikapu ya chama chetu cha ushirika wa pamba, kijana anayepigia honi hata kuku. Alikuwa kwenye foleni pale kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Amesimama kabisa! Werema akarudi nyuma na lori lake la samaki bila kutazama. Kwaa! Taa moja imekufa, bampa limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Clementi akashuka, akamwamkia kwanza (nimemlea vizuri), ndipo akaomba namba ya bima. Werema akamwambia, kijana, kamwulize baba yako mimi ni nani. Akawasha lori, huyoo! Ikabaki harufu ya sato.

Katibu wetu, Alfonce, hana huruma. Anataka namba ya bima ya lori mkononi mwake kabla ya gwaride la Saba Saba, Jumamosi. Isipofika, kosa ni la Clementi, na funguo za pikapu anapewa Enoka. Enoka! Leseni yake bado inanuka wino!

Jumanne, 3 Julai

Nimemwambia Baba Clementi aende kwa Werema akaidai hiyo namba. Hakuinua hata kichwa. Anasema Werema ni rika lake. Walitahiriwa mwaka mmoja, wakalala kibanda kimoja wakipona, na mwanarika haombwi karatasi kama mtu uliyemkuta stendi. Rika litakaa Jumapili, watachinja mbuzi, yataisha.

Jumapili! Nikamuuliza kama rika lao linajua kalenda. Akasema mambo ya rika hayakimbizwi.

Sawa. Nimempa ugali na maji ya chumvi. Samaki wote, wale furu wadogo wa ziwani, nimempa Clementi.

Halafu akapita Mama Enoka, eti anaomba kiberiti. Kiberiti, na kwake naona moshi! Kaniambia mwanawe ameanza kuiosha ile pikapu ili azoee umbo lake. Azoee umbo! Gari ni mchumba?

Jumatano, 4 Julai

Nimeamua kuifuata namba mwenyewe. Kila mtu anajua karatasi ya bima inabandikwa kwenye kioo cha mbele. Nikaenda Bunda sokoni. Lori lipo. Lakini mjanja ameliegesha pua ukutani! Kioo kinatazamana na ukuta wa duka, nafasi ya kupita kuku.

Nikapita. Mimi si mwembamba, namshukuru Mungu, nimezaa saba na wote wana afya. Nikaingia ubavu ubavu, nikapanda bampa, nikaiona karatasi, nikaandika namba mkononi kwa biki. Kazi safi! Kutoka, nimekwama.

Soko lote likaja. Mwenye nyanya akashauri nipakwe mafuta. Werema naye akatokea, anatafuna karanga. Wao wa rika moja, mke wa mwenzao humwita mke wao, basi akaniita mbele ya watu: "Mke wangu, huko unatafuta nini?" Nikamjibu napumzika kivulini. Akacheka mpaka karanga zikamtoka puani, akarudisha lori nyuma taratibu, nikachomoka.

Cheka tu, Werema. Namba ninayo. Leo sijanawa mkono huu hata kwa kula.

Alhamisi, 5 Julai

Nimemwekea Alfonce mkono mezani, juu ya vitabu vyake. Kavaa miwani. Kavua. Kavaa tena. Kisha ananiambia hiyo ni namba ya leseni ya barabara. Bima ni karatasi ya pili, ya chini yake.

Sasa kioo kimoja karatasi mbili za nini? Nikamweleza kwamba nimefika darasa la nne kwa masista, na kusoma kwa sauti nilikuwaga naongoza. Akasema kusoma nimesoma, ila nimesoma karatasi siyo.

Mama Enoka alikuwa anapimisha pamba. Alicheka akajishika kwenye mzani, na katibu akaandika na kilo zake yeye kama pamba! Hakuna aliyelalamika. Nchi hii!

Clementi wangu yuko nyuma ya nyumba anang'arisha ile taa iliyokufa, aliyoichomoa kwenye pikapu. Hataki kula. Moyo unaniuma, na maumivu yangu hugeuka hasira mara moja.

Ijumaa, 6 Julai

USHINDI!

Nimepanda basi la asubuhi mpaka Musoma, moja kwa moja ofisi ya bima. Karani ni kijana mwenye adabu. Akasema habari za bima ya mtu hapewi mtu baki, labda awe wa nyumbani kwake. Nikamwambia mimi ni mke wa Werema.

Si uongo! Mke wa mwanarika ni mke wa rika zima, hata Werema mwenyewe alitangaza sokoni.

Karani akafurahi. Akasema, ahaa mama, mzee alikuja Jumanne, fomu yake imekosa sahihi ya shahidi tu. Akaniletea. Na pale juu, kwa herufi kubwa, nikaiona: NAMBA YA BIMA! Macho yangu yakashiba, yakakataa kuendelea chini. Mzee alikuja kufanya nini Jumanne, sikuuliza. Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Nikatia sahihi kwa mwandiko wa masista: Nyangi, mke wa Werema. Karani akasema hajawahi kuona mwandiko mzuri hivyo kwa mtu mzima. Akanipa nakala. Ndani ya basi niliwaeleza abiria wote mimi ni mama wa nani. Wawili walishuka kabla ya kituo chao.

Jumamosi, 7 Julai, Saba Saba

Uwanja umejaa, ngoma zinalia. Nikampa Alfonce ile nakala, nikamwomba asome kwa sauti ili Mama Enoka asikie vizuri. Akasoma namba. Nikapiga vigelegele. Akaendelea kusoma. Kwa nini aliendelea?

"Lori langu lilikuwa limesimama. Pikapu ya ushirika ilikuja kwa kasi ikanigonga nyuma. Dereva wake alikuwa anakula muwa. Mimi shahidi nathibitisha kuwa maneno haya ni kweli. Nyangi, mke wa Werema."

Mwongo! Rika haliombani karatasi, kumbe yeye Jumanne alishakimbilia Musoma kuandika yake! Muwa! Clementi hajala muwa tangu ang'olewe jino!

Baba Clementi alikuwa mstari wa mbele na shati lake jipya. Aliniuliza maneno mawili tu: "Tangu lini?"

Funguo akapewa Enoka palepale. Pikapu imeongoza gwaride na jicho moja, Mama Enoka kiti cha mbele anapunga mkono kama mke wa waziri. Clementi alitembea kwa miguu nyuma yake, katika vumbi lake.

Jumapili, 8 Julai

Rika limekaa. Werema amekiri kila kitu mbele ya wenzake, ametozwa mbuzi, na namba ya bima ameitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Kesho anafuta maelezo yake Musoma. Baba Clementi anasema ningetulia nyumbani, leo funguo zingekuwa zinarudi. Sikutaka kusikia. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Maana Alfonce anasema funguo hazirudi bado. Werema atafuta yake, lakini sahihi ya shahidi inafutwa na shahidi mwenyewe. Clementi akaja kwa upole akasema, mama, nenda useme tu kwamba wewe ni mama yangu na ulidanganya. Maskini mtoto, amerithi akili za baba yake. Mimi nionekane mwongo mbele ya karani aliyenisifu?

Nimepata njia iliyo bora zaidi. Kesho napanda basi la asubuhi. Nimeazima fimbo na miwani mizito. Nitainama, nitakohoa, nitasema mimi ni mama mzazi wa Werema, na kwamba yule mkewe ni mwongo tangu siku tuliyomtolea ng'ombe.

Kinachoniuma ni kimoja tu: itabidi niweke dole gumba, wasiutambue mwandiko. Na mwandiko wangu ulivyo mzuri!