Bakapu Kamili Imefikia Asilimia Tisini na Tisa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye naye naambiwa pikipiki imemharibikia. Waheshimiwa viongozi wa dini zote, masheikh kwa makasisi. Wazee wa Newala, wajumbe wa Chilangala mliokuja kwa nauli zenu, akina mama, akina baba, na nyie mliojibanza kivulini ambao sijui mmefuata nini: shikamooni nyote mnaostahili, na kwa wale wanaopaswa kuniamkia mimi, najua wameshaniamkia kimoyomoyo, marahaba. (Makofi machache.) Kama kuna mkubwa nimemruka, asinune, atatajwa katika awamu ya pili.

Mimi, Salmini, Mwenyekiti Mwasisi wa Umoja wa Kuhifadhi Kumbukumbu za Familia Masasi na Newala, kwa kifupi UKUKUFAMANE, (Sauti kutoka nyuma: "Kwa kifupi?") naam, kwa kifupi, nimesafiri kutoka Mkomaindo kule Masasi, nyumbani kwangu, kwenye chumba cha ofisi ambamo ipo ile kompyuta ya mezani mnayoifahamu, kuja kuwasilisha kwenu taarifa ya utekelezaji wa mradi ambao, bila kujisifu, wenzetu wa nchi nyingine wangekuwa nao wangeshanijengea sanamu. (Vicheko.) Sijasema kichekesho.

Mtakumbuka kwamba mlinikabidhi picha, video na sauti zilizokuwa kwenye simu zenu, harusi, ngoma za unyago, misiba, kwaya ya akina Mama Loveness, ili nizifanyie kitu kiitwacho bakapu kamili, ambayo kwa lugha ya mwananchi wa kawaida ni kwamba kila kilichomo ndani ya kompyuta, kuanzia mfumo wenyewe hadi picha ya mbuzi wa Mzee Cyril, kinatolewa nakala na kuwekwa kwenye diski ya nje, ili kompyuta ikifa leo, marehemu wenu wasife mara ya pili. (Makofi mengi.) Asanteni. Hayo maneno nimeyatunga mwenyewe, asubuhi, nikinyoa ndevu.

(Mama mmoja wa mbele anasimama: "Baba Khalidi, samahani. Sauti ya Baba Faidha ipo?")

Mama Faidha, mbele ya umma naitwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Kwa faida ya wageni, huyu ni Bi Swaumu, mjane wa rafiki yangu wa damu, marehemu Sadallah, ambaye akiwa kitandani, hoi, alirekodi kwenye simu ya mkewe maneno ya kumwozesha binti yake, yaje yasikilizwe siku Faidha atakapoolewa. Na Faidha anaolewa Jumamosi hii, hapahapa Newala. Kwa hiyo suala hilo ni nyeti, limo kwenye taarifa, nalifikia. Kaa, mama.

Sasa nije kwenye changamoto, maana mradi usio na changamoto hata wafadhili huutilia mashaka. Bakapu ilianza vizuri mno, mstari wa kijani ukatembea, ukatembea, mimi na mke wangu tumekaa tunautazama, ukafika asilimia tisini na tisa, ukagoma. Wengine wangekata tamaa. Mimi nikaunda kikosi kazi, nikakiongoza, nikawa na mjumbe mmoja ambaye ni mimi, na kikosi kikaanza upembuzi yakinifu: tukaangalia umeme, upo, tukachomoa waya, tukachomeka, tukazima, tukawasha, tukapiga kofi dogo la ubavuni, la kirafiki tu. Hola! Ndipo kikosi kikafungua mfuniko na kubaini kwamba feni imejaa vumbi la njano.

(Vicheko. Sauti: "Salfa hiyo!")

Mnacheka nini? Nani hapa anaacha salfa yake nje? Watu wana mikono mirefu, na nyumbani kwangu chumba chenye kufuli la maana ni kimoja, hivyo mifuko ya salfa, dawa ya unga ya mikorosho yangu, ililazwa na kompyuta kwa misingi ya ulinzi na usalama. Sasa vumbi unalitoaje? Unalipuliza. Na Mmakonde mwenye shamba akitaka kupuliza anatumia nini? Nikachukua uamuzi ambao wataalamu wa Dar es Salaam wasingethubutu: nikalivaa mgongoni bomba la kupulizia mikorosho, nikaliwasha, nikaelekeza mdomo wake kwenye feni, nikafungulia.

(Mzee Cyril: "Ulilisafisha kwanza?")

Shikamoo, Mzee Cyril. Swali lako litajibiwa kwa maandishi.

(Vicheko. Sauti nyingi: "Hakulisafisha huyo!")

Lilikuwa na mabaki! Mabaki ya kawaida, ya msimu, nusu debe hivi. Kwa hiyo ni kweli kwamba kompyuta ilipata dozi ya kutosha mikorosho kumi na miwili, ni kweli kwamba mke wangu alipiga chafya mpaka adhuhuri, lakini nina furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba hadi sasa ninapozungumza, kompyuta hiyo haijashambuliwa na ule ugonjwa wa mikorosho, ubwiri unga. (Watu wanashikana mbavu. Mzee mmoja anafuta machozi kwa kofia yake.) Cheka tu. Uvumbuzi wote mkubwa ulianza kwa kuchekwa.

(Mama Faidha: "Lakini inawaka?")

Kuwaka ni suala la kitaalamu.

("Inawaka au haiwaki, Baba Khalidi?")

Haiwaki. Lakini mikorosho nayo si hupukutisha majani, kisha ikachipua? Tusiwe wepesi wa kuzika.

("Basi tusikilizishe kwenye hiyo diski ya nje. Nimekuja na spika ya harusi. Mwanangu yuko hapa, anataka kumsikia baba yake.")

Umefanya vyema kuitaja diski, maana nilikuwa naelekea huko. Kwanza tuchangamke! Nikisema "Nakala", semeni "Ipo"! Nakala! (Sauti chache: "Iko wapi?") Kumbukumbu! (Mbuzi analia.) Teknolojia Masasi na Newala nzima! (Watu wanatazamana.) Nashukuru kwa mwamko huo.

Nimalizie kwa shukrani. Shukrani za dhati kwa kamati ndogo ya ununuzi, yaani mimi, mke wangu na shemeji Erasto, iliyokesha ikijadili kama diski ya nje iwe nyeusi au ya bluu, na naamini, diski hiyo itakapopatikana, (Sauti: "Itakapopatikana?") itakapopatikana, nakala zitahamishiwa humo kutoka zilikohifadhiwa kwa muda, yaani ndani ya kompyuta ileile, kwenye folda niliyoiandika mwenyewe "Bakapu". Shukrani kwa wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta. Shukrani kwa wanachama wa UKUKUFAMANE, umoja ambao ukishasajiliwa mtaona moto wake. Na shukrani za pekee kwa Mama Faidha, mfano wa kuigwa, ambaye nilipomwambia kwamba maneno ya marehemu yako salama kwangu, ayafute kwenye simu apate nafasi ya picha za harusi, aliyafuta palepale, mbele yangu, bila hata swali. Wananchi wa namna hiyo ndio ambao maendeleo yanawahitaji. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayepiga makofi. Mama Faidha amesimama tena. Analia, na hajali nani anamtazama. "Mimi bakapu sikuielewa, Baba Khalidi. Nilikuamini wewe. Siku ile hospitali simu uliishika kwa mkono wako, ukiwa pembeni ya kitanda. Maneno yote uliyasikia. Jumamosi utakuja, utasimama mbele ya watu, utamwambia mwanangu baba yake alisema nini.")

Mama Faidha... Swaumu, shemeji yangu. Mimi pale nilikuwa naangalia kama simu inarekodi. Maneno yenyewe sikuyashika vizuri.

("Utasema uliyoyashika.")

Ningependa sana. Kwa bahati mbaya Jumamosi hiyo nina ziara ya kikazi Tandahimba.

("Basi la kutoka Masasi kwenda Tandahimba si linapita hapa Newala? Tutakushusha.")