Mswada wa Manesi Wafia Katikati

Ijumaa hiyo chai ya karak ilikuwa bado inachemka katika ile kafeteria iliyo nyuma ya kliniki, hapa Oud Metha, Dubai, Breaking alipotujia mbio na simu mkononi. Jina lake hasa ni Caren, mhudumu wa mkahawa. Tunamwita Breaking kwa sababu habari za nyumbani humfikia kabla hazijatokea.

"Mmeskia? Ule mswada wa kuwaajiri manesi wa kaunti kwa kudumu umekufa!"

"Umekufaje, na juzi ulikuwa unapumua?" Spika akaruka. Huyu ni Hesbon, mlinzi wa mnara mmoja kule JLT. Hata ukimnunulia chai, hakupi nafasi ya kuongea.

"Nyumba ya chini ya bunge iliupitisha. Ya juu ikaubadilisha. Ya chini ikakataa mabadiliko. Wakaunda kamati ya upatanishi, na hiyo kamati ikakosana. Khalas, kwisha."

Kampala akaweka kikombe chini. Yeye ni Siraje, Mganda anayepanga mizigo ghalani Freezone, na kwao bunge lina nyumba moja tu.

"Ssebo, nielezeni polepole. Mnalisha nyumba mbili, halafu zote mbili zinashindwa kumwajiri nesi mmoja?"

"Kampala, wewe somo la siviksi ulilala!" Spika akapiga meza. "Nyumba ya chini inashika bajeti ya nchi. Ya juu inalinda kaunti. Mswada ukigusa kaunti, lazima upite kote kuwili. Moja ikiharakisha ujinga, nyingine inaishika shati."

"Na wakishikana mashati wote?"

"Ndiyo kazi ya kamati."

"Si kamati ndiyo imeua?"

"Imeua kisheria!"

Breaking alicheka hadi karak ikampalia. "Manze Spika! Kwani marehemu wa kisheria anafufuka?"

"Mnacheka kwa sababu hamwelewi. Nyumba mbili ni breki. Gari lisilo na breki mtalipanda?"

"Lenu lina breki mbili," Kampala akasema. "Injini iko wapi?"

Meza nzima ikalipuka. Spika peke yake hakucheka. Nikakumbuka: dada yake, Ivy, ni nesi wa kandarasi inayoisha kila Disemba huko kwao. Mwaka jana alipata kazi ya kliniki hapa Dubai, Spika akamkataza asije. Alitusimulia hapa hapa, kifua mbele, jinsi alivyomwambia: nyumba mbili nzima haziwezi kukutupa, vumilia.

"Umemwambia Ivy?" nikamuuliza.

"Bado. Inabidi nimweleze vizuri. Mswada unaweza kuletwa upya, unasomwa mara ya kwanza, ya pili..."

Simu yake ikaita. Akaangalia jina, akatuangalia sisi, akaweka spika ya simu ili tusikie serikali ikitetewa.

"Ivy, sikiza. Usikate tamaa. Kuna utaratibu—"

"Bro, nimeskia. Juu wamekataa, chini wamekataa. Mimi na mama tumekaa jikoni, tukazozana, tukakubaliana. Nimesaini ile kazi ya kliniki. Nakuja mwezi ujao."

"Ivy, ungengoja kidogo."

"Miaka sita, Hesbon? Mtoto wangu ananiuliza kandarasi ni mtu gani, kwa nini ananitisha kila Disemba."

Breaking alizima simu yake. Kampala alianza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Spika akavua kofia ya kazi, akajifuta uso. "Basi karibu," akasema kwa sauti ndogo. "Mama atabaki na mtoto?"

"Atabaki naye. Tulianza na hilo kabla ya yote."

"Na wodi yako? Nani atabaki na wagonjwa?"

Nyuma ya Ivy, humo wodini, tulisikia mtu akikohoa, kitanda kikilia.

"Hao," akasema, "wameambiwa wangoje kamati nyingine."