Kimsuli Kilichogoma Kuruka

Jumatatu, 4 Machi
Wiki yangu imefika! Keshokutwa Profesa Vlaicu anampasua Sânziana, mtoto wa miaka minne aliyezaliwa kiziwi, ampandikizie kifaa cha kusikilizia. Mimi, Ovidiu, nitakipima palepale mtoto akiwa usingizini. Kazi tamu: napitisha mlio kwenye kifaa, na kimsuli kidogo ndani ya sikio la kati kinaruka. Kikiruka, kifaa kizima. Kisha naenda kuhutubia mkutano wa wataalamu wa masikio mjini Sinaia. Mădălina, mpimaji mwenzangu, anadhani Sinaia ni yake. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Nimempelekea Doru, daktari wa usingizi, keki ya jozi ya mama yangu. Nikamwomba kesho amlaze mtoto kwa gesi, tena ya kutosha, asije akatikisika akaniharibia vipimo. Akauliza kama Mădălina anajua, maana yeye siku zote hutaka dawa ya mshipani. Nikasema ndiye aliyenituma. Mdomo umejaa keki, hakuuliza zaidi.

Jumatano, 6 Machi
Mtoto katulia kama maji mtungini. Napitisha mlio. Wapi. Naongeza. Wapi. Profesa, jicho kwenye hadubini, akasema humo haruki hata kiroboto. Nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba kifaa ni kibovu. Akaagiza kingine. Kung'oa na kupachika upya, kwenye sikio dogo vile! Na mama mtu yuko koridoni, kashika viatu vya mwanawe.

Habari zikamfikia Mădălina. Akaingia akifunga barakoa, akamuuliza Doru kampa mtoto dawa gani.

"Gesi, dada. Si wewe uliyemtuma Ovidiu?"

Akanitazama. Nikatazama dari. Akasema gesi nyingi inamlaza mtoto pamoja na kimsuli chake, kifaa hakina kosa. Doru akapunguza gesi, akaweka dawa ya mshipani. Tukasubiri. Sijawahi kumwomba Mungu namna ile. Nikapitisha mlio.

"Kinaruka," Profesa akasema polepole. "Kinaruka, jamani."

Nikaeleza kwamba nilikusudia kulinganisha dawa mbili. Profesa akaomba uzi wa kushonea.

Alhamisi, 4 Aprili
Kidonda kimepona, leo tumewasha kifaa. Mama akaita, "Sânzi, mwanangu." Mtoto akaacha mdoli, akageuka. Baba yake, pande la mtu, akatoka nje kulia. Mimi nililia humohumo ndani. Mama akambusu Mădălina mikono. Mimi akaniomba nisogee, namzibia mtoto mwanga.

Sinaia kapewa Mădălina.

Ijumaa, 5 Aprili
Sijalala kwa furaha. Nimeng'amua jambo! Ni nani hasa aliyeonyesha kwamba gesi hulaza kimsuli? Si mimi? Nisingeiagiza, wangejuaje? Huu ni uvumbuzi, na mwenyewe ni Ovidiu. Asubuhi hii nimewaarifu waandaaji wa Sinaia kwamba mzungumzaji amebadilika. Mădălina sikumsahau, sina roho mbaya. Nimemwombea nafasi ya kunibadilishia picha ukutani nikiwa nahutubia.