Sambusa, Magitaa na Sala ya Mama Akonaay

Wenzangu, leo nimejiumbua. Hakuna aliyenisaidia. Nimejiumbua kwa mdomo wangu mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa nimevaa gauni la Pasaka.

Mnajua natengeneza vitafunwa hapa Karatu. Mnajua pia nina CD moja ya pop punk niliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea nilipokuwa nasoma Endabash. (Kwa wasiojua: ni magitaa ya mbio, na vijana wanalalamika kuhusu mapenzi kwa furaha kubwa.) Ile CD naijua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Mwimbaji akivuta pumzi, na mimi navuta.

Sasa, Mama Akonaay, mwenye ile nyumba ya wageni njia ya kwenda Oldeani, alikuwa anatafuta mtu wa kumtengenezea vitafunwa vya lanchiboksi za watalii wanaoshuka kreta kutazama wanyama. Nikamwendea na wazo: nitamwonjesha kila kitafunwa na wimbo wake, na akipenda tutawafanyia hivyo wageni jioni. (Nilisoma mtandaoni kwamba Wazungu wanapenda mambo hayo.) Lakini roho yangu yote ilikuwa kwenye sambusa. Sambusa za nyama na kitunguu cha Mang'ola, alizonifundisha marehemu mama, ambaye alikuwa akiwauzia vibarua wa mashamba ya kahawa. Nilitaka sambusa za mama zifike mpaka ndani ya kreta. Hilo tu.

Mezani tulikuwa watatu: mimi, Mama Akonaay, ambaye ni mzee wa kanisa, na mpishi wake, Mzee Boay, mtu asiyecheka. Redio yangu ya CD niliiweka juu ya kabati, nyuma kabisa ya kiti cha Mzee Boay. (Kikumbukeni hicho kiti.)

Wimbo wa kwanza, bisi. Mama akatikisa kichwa, kisha bega. Wimbo wa nne, karanga za kukaanga. Wimbo wa saba, ule wa polepole, nikawapa kashata.

"Huyu kijana analia nini?" Mama akauliza.

"Ameachwa, Mama."

"Basi na yeye mpe kashata."

Nikajua mambo yamenyooka. Wimbo wa mwisho, ule wenye kelele zote, nikafunua sambusa. Jamani! Mama akala ya kwanza, akala ya pili. Mzee Boay akala nne bila kuinua kichwa, na huyo ni mpishi! Wimbo ukaisha, kukawa kimya. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo redio sikuigusa. (Nyumbani huwa naizima palepale, maana umeme wa luku si wa kuchezea. Na hilo likumbukeni.)

"Ester mwanangu," Mama akasema, "hizi sambusa ndizo nilizokuwa natafuta. Tusimame tushukuru."

Moyo wangu ulijaa, nusura nilie. Tukasimama, tukafumba macho.

Sasa, Mama Akonaay hana sala fupi. Alianzia kwenye uumbaji. Akapita kwenye mvua, kwenye mahindi, kwenye barabara ya Oldeani, kwenye ndege zinazoleta wageni, marubani wa hizo ndege na mama zao. Ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye "mikono ya binti huyu, Bwana", ikasikika mbweu.

Wenzangu, haikuwa mbweu ya kujificha. Ndefu! Nzito! Na ilitoka upande wa Mzee Boay.

Mama akanyamaza. Nikafungua jicho moja. Naye alikuwa amefungua moja. Wote tulikuwa tunamtazama mzee.

"Mzee Boay," Mama akasema taratibu.

"Si mimi, Mama. Haki ya Mungu si mimi!"

"Na unaapa, katikati ya sala?"

Nikamwonea huruma. Mtu mzima, mkono kifuani, jasho linamtoka. Hapo ndipo wema wangu uliponiponza. Nikasema, kwa adabu zote:

"Mama, msamehe. Si kosa lake, ni sambusa zangu. Kile kitunguu kinajaza gesi sana. Hata mimi zinanisumbua."

(Zinanisumbua lini? Sijawahi! Nilikuwa najazia tu, maneno yanoge!)

Ikaja mbweu ya pili. Safari hii tulikuwa tunamtazama Mzee Boay usoni, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa. Kisha, nyuma yake, mtu akacheka. Kisha ngoma, magitaa, na vijana wanapiga kelele kama wamemwagiwa maji ya moto.

Redio! Kumbe wale vijana waliacha kimya cha dakika kadhaa baada ya wimbo wa mwisho, halafu wakaficha wimbo wa utani. Miaka yote hii mimi nazima mapema, nakutana nao leo kwenye sala!

Nikarukia kuizima. Vidole vya mafuta vikateleza kwenye kitufe, sauti ikapanda. Mzee Boay ndiye aliyechomoa waya ukutani.

"Nilisema si mimi," akasema.

Mama akafumba macho tena, akamalizia sala kuanzia pale pale alipoachia. Halafu akakaa.

"Bisi nachukua. Karanga nachukua. Kashata nachukua. Uanze Jumatatu."

"Na sambusa, Mama?"

"Sambusa hapana. Wageni wangu wanashinda sita ndani ya gari moja, na kwa lile vumbi vioo vinafungwa."

"Lakini Mama, ilikuwa redio! Si umeisikia mwenyewe?"

"Redio nimeisikia. Na wewe nimekusikia. Umesema katikati ya sala, mwanangu. Hapo mtu hasemi uongo."

Ningejibu nini? Kwamba mzee wa kanisa nimemdanganya mbele za Mungu? Hata bisi zingeondoka. Nikasema asante, nikafunika beseni.

Getini Mzee Boay akanifuata na gazeti la kufungia. "Nipe sita. Mimi ndiye shahidi kwamba hazina gesi."

Zimebaki thelathini na nne, sambusa za mama yangu, hazina kosa lolote. Anayetaka kunicheka ruksa, ila aje acheke huku anakula. Na asithubutu kubeua.